Kishindo si Kelele: Maana na Matumizi ya Neno Moja la Sauti

Utangulizi

Maneno ya Kiswahili yanayotaja sauti kubwa ni mengi, na kila moja lina mahali pake. Simba hunguruma, bahari huvuma, ngoma hurindima, mzinga hulia, vigelegele huhanikiza, aliyevamiwa hupiga yowe, na mlango hufungwa kwa kishindo. Mzungumzaji aliyelelewa katika lugha hii hayachanganyi maneno hayo, hata kama hajapata kuulizwa tofauti zake. Hatasema kwamba simba amefanya kishindo alipofumbua kinywa, wala kwamba mlango umenguruma ulipofungwa.

Hata hivyo, katika maandishi ya miongo ya karibuni, hasa yale ya magazeti na ya utangazaji, neno kishindo limezoea kuitwa kila mahali ambapo mwandishi ataka kusema kwamba jambo fulani ni kubwa. Kuna ushindi wa kishindo, mapokezi ya kishindo, arusi ya kishindo, bei zinazopanda kwa kishindo, na wanasiasa wanaorudi ulingoni kwa kishindo. Baadhi ya matumizi haya ni upanuzi halali wa maana. Mengine yanalikana neno lenyewe. Makala haya yanakusudia kuuonyesha mpaka uliopo baina ya makundi hayo mawili, na kueleza kwa nini mpaka huo wastahili kulindwa.

Hoja inayotetewa ni moja. Kishindo si kipimo cha ukubwa wa sauti, bali ni sauti ya uzito. Palipo na kishindo pana kitu kizito kilichokutana na kitu kingine kilichokizuia. Likitumiwa kama kikolezo tu cha ukubwa, neno hili halipotezi pambo lake pekee. Lugha nayo hupoteza njia mojawapo ya kutenganisha sauti iliyo na kitu nyuma yake na sauti tupu.

Umbo la neno

Shina -shindo lapatikana katika ngeli mbili: mshindo, ambalo wingi wake ni mishindo, na kishindo, ambalo wingi wake ni vishindo. Kamusi kuu za lugha hii, tangu ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981, zinayaorodhesha yote mawili. Kiambishi ki-, ambacho mara nyingi huleta dhana ya udogo, hakifanyi hivyo hapa. Kishindo si mshindo mdogo. Jengo la ghorofa likiporomoka, kinachosikika ni kishindo, wala hapana anayelidunisha jengo hilo kwa kusema hivyo.

Katika sentensi nyingi maneno haya mawili hubadilishana nafasi bila kuleta madhara. Mtu aweza kusema mishindo ya miguu au vishindo vya miguu, na msikilizaji akaelewa jambo lile lile. Lakini kila moja limeganda katika misemo yake. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Waandishi wa habari husema ushindi wa kishindo. Na hapana asemaye ushindi wa mshindo.

Karibu na shina hili wanakaa vitenzi kadhaa vyenye sura inayofanana nalo. Mtu hushindika mafuta au miwa, na askari wa zama za magobori alishindilia baruti ndani ya mtutu. Vitenzi hivi vina wazo la kukandamiza, la kitu kimoja kukielemea kingine. Mfanano wa sura hauthibitishi asili moja, na hoja ya makala haya haiutegemei. Itategemea matumizi. Mfanano huo hata hivyo unaeleza jambo jingine, nalo ni kupendwa kwa msemo ushindi wa kishindo. Konsonanti za neno la kwanza zinarudiwa katika la pili, na maneno hayo mawili yanaitikiana kama vina vya shairi. Utamu huo wa sikio umeusambaza msemo kabla maana yake haijaulizwa.

Masharti ya kishindo

Njia nyepesi ya kulijua neno ni kutazama mahali linapokataa kwenda. Neno kishindo, katika maana yake ya msingi, lina masharti matano.

Sharti la kwanza ni kwamba kishindo hakitoki kooni. Yowe, ukemi, kelele, kilio na ngurumo ya mnyama zote ni sauti za koo. Mtu akisema kwamba amesikia kishindo cha mtoto chumba cha pili, msikilizaji hafikirii kilio cha mtoto huyo, bali hufikiria miguu yake akikimbia au mwili wake ukianguka kutoka kitandani. Atainuka aende kumtazama kwa sababu hiyo hasa.

Sharti la pili ni kwamba kishindo huhitaji vitu viwili: kipigacho na kipigwacho. Upepo ukipita katika minazi huvuma, na makuti makavu huchakacha. Nazi ikidondoka usiku ikatua ardhini, hapo ndipo kishindo kinaposikika. Anayelala katika nyumba iliyo karibu na pwani husikia bahari ikivuma kutoka mbali usiku kucha. Lakini akisogea hadi kwenye mwamba, atasikia kila wimbi likiupiga mwamba huo kwa kishindo. Bahari ni ile ile na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba sasa msikilizaji yupo karibu kiasi cha kulitambua pigo.

Sharti la tatu limo ndani ya mfano huo. Mvumo ni mkondo usiokatika, lakini kishindo kina mwanzo na mwisho wake, na kwa hiyo chaweza kuhesabiwa. Mtu husema kwamba alisikia vishindo vitatu. Hasemi kwamba alisikia mivumo mitatu ya bahari, isipokuwa awe na maana nyingine.

Sharti la nne ndilo linalosahauliwa zaidi. Kishindo si lazima kiwe kikubwa. Mwenye nyumba aliyeamka usiku wa manane husikia kishindo cha nyayo uani, nacho ni sauti ndogo kabisa ambayo mchana isingesikika. Inaitwa kishindo kwa sababu inaonyesha kwamba mwili wenye uzito umeikanyaga ardhi. Kinyume chake ni mwendo wa kunyata, yaani mwendo wa mtu auzuiaye uzito wake usitoe habari zake. Mwizi hunyata. Paka hunyata. Tofauti hapa haipimwi kwa masikio tu. Ni tofauti ya uzito unaojulikana na uzito unaofichwa.

Sharti la tano linatokana na hayo yote. Kishindo huuliza swali. Aliyekisikia hutaka kujua ni nini kilichoanguka. Kuna methali isemayo kwamba kelele za mlango haziniwasi usingizi. Mlango unaolia katika bawaba zake usiku kucha hutoa kelele, na mwenye nyumba hatimaye huzizoea akalala. Wahenga hawakusema kishindo cha mlango, kwa kuwa kishindo humwamsha mtu. Mlango uliobamizwa mara moja huwaondoa watu wote vitandani, na hapana mwenye kuuliza kama sauti yake ilizidi ile ya bawaba zilizolia usiku kucha.

Nguvu ya swali hilo ilionekana kwa namna ya kusikitisha mjini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, siku uliposhambuliwa ubalozi wa Marekani uliokuwa katika makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie. Kabla ya mlipuko mkuu kulikuwa na mlio wa guruneti na wa bunduki. Watu wengi waliokuwa maofisini katika majengo ya jirani waliusikia, wakaenda madirishani kutazama. Mlipuko mkuu ukawakuta wakiwa nyuma ya vioo. Watu 213 walikufa mjini Nairobi, na miongoni mwa maelfu waliojeruhiwa wengi waliumizwa macho na vigae vya vioo. Waliosogea madirishani hawakufanya upumbavu. Walifanya jambo ambalo binadamu hulifanya siku zote anaposikia kishindo: kutafuta chanzo chake. Lugha imeihifadhi tabia hiyo ya binadamu ndani ya neno lenyewe, na ndiyo maana kishindo hakilingani na kelele.

Inafaa kuongezwa kwamba Kiswahili kina tanakali za kuigiza mapigo hayo. Mzigo huanguka pu, jiwe hutumbukia majini chubwi. Tanakali huileta sauti yenyewe mbele ya msikilizaji, na kwa silabi moja au mbili humjulisha kama kilichopokea pigo ni udongo au maji. Kishindo hutaja tukio hilo hilo kwa jina la jumla, bila kutaja kitu kilichoanguka wala mahali kilipoangukia. Kwa hiyo neno kishindo ni deni. Mwandishi akilitumia, msomaji anamdai maelezo: ni kitu gani, na kimetua wapi?

Kishindo na mvumo katika methali

Tofauti hii haikukaa katika masikio peke yake. Methali zimeifanya kuwa tofauti ya kimaadili.

Kitenzi kuvuma kina methali nyingi, na karibu zote zina shaka na kinachovuma. Debe tupu haliachi kuvuma: sauti yake yatokana na utupu wake. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka: sauti yake ndiyo dalili ya mwisho wake. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo: sauti yake ni sifa aliyopewa, na imewafunika wengine walio sawa naye au waliomzidi. Kutoka katika shina hilo hilo limetoka neno uvumi, ambalo siku hizi ni habari isiyo na mwenyewe, inayosambaa bila kuwa na kitu cha kuishikilia. Katika mifano yote hiyo, kuvuma ni kusikika mbali kuliko unavyostahili.

Sasa na itazamwe ile methali ya mshindo. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa sauti kubwa haitoki katika utupu, bali katika ujazo. Kimya kinachozungumzwa si ukosefu wa jambo. Ni jambo lililokusanyika bila kusemwa, kama maji nyuma ya ukuta wa bwawa. Mshindo ni saa ambayo uzito huo unatua. Methali hii hutumiwa kumwonya mwenye nguvu asidhani kwamba aliyenyamaza ameridhika, na hutumiwa pia kumwonya msikilizaji asimdharau mtu mpole. Wala haina shaka na mshindo wenyewe. Inauchukulia kuwa kweli ambayo haikuwa imesikika bado.

Kwa hiyo debe na kimya vinasimama mbali sana, ingawa vyote viwili hutoa sauti kubwa. Debe huvuma kwa sababu halina kitu. Kimya kina mshindo kwa sababu kina kitu. Mwandishi anayeliweka neno kishindo mahali pa mvumo anazifuta hukumu hizo mbili kwa pamoja.

Yaweza kujibiwa kwamba wingi wa neno hili, vishindo, hutumiwa kumsema mtu mwenye majivuno. Husemwa kwamba fulani ana vishindo vingi, au huambiwa aache vishindo vyake. Je, hapo kishindo si utupu? Jibu ni kwamba kejeli hiyo haiwezi kufanya kazi bila ya maana ya msingi. Mwenye vishindo ni mtu anayetembea kama mzito ilhali si mzito; anakanyaga sakafu kwa nguvu ili adhaniwe kuwa mkubwa. Anakebehiwa kwa kuwa ameazima sauti ya uzito asiokuwa nao. Siku ambayo kishindo kitakuwa kelele tu, kejeli hiyo nayo itakufa.

Ushahidi wa tafsiri

Wafasiri ni mashahidi wazuri wa maana za maneno, kwa kuwa hulazimika kuchagua. Biblia ya Kiswahili ijulikanayo kama Union Version, iliyotoka mwaka 1952, ina mahali pawili panaposaidia hoja hii. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 2, inaposimuliwa sauti iliyoshuka juu ya wanafunzi mfano wa upepo wa nguvu, neno lililochaguliwa ni uvumi. Katika Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 3, inapoelezwa siku ya kutoweka kwa mbingu, neno lililochaguliwa ni mshindo.

Uchaguzi huo haukuwa wa kubahatisha. Upepo haubomoki, hupita na kuijaza nyumba, na sauti yake haina pigo. Mbingu, katika fikira za waraka ule, ni jengo; na jengo likiondoka mahali pake halivumi. Leo msomaji kijana akikutana na uvumi katika Matendo hushtuka, kwa kuwa kwake uvumi ni porojo za sokoni. Mshindo katika Petro bado anauelewa bila ya msaada. Neno la kwanza limehama kutoka katika sauti likaenda katika habari, na maana yake ya kale sasa yahitaji maelezo ya mwalimu. Hilo ni onyo la kutosha kuhusu yanayoweza kulipata neno la pili.

Kishindo katika fasihi

Vitabu viwili vya fasihi ya Kenya vinafaa kutajwa hapa kwa ajili ya majina yake. Diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, ilitoka mwaka 1973. Tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki, ilitoka mwaka 1981. Majina yote mawili yamechukua neno la sauti, na yote mawili yamechukua sauti ya koo la binadamu. Wala halikuwa jambo la ajali. Mwenye kudai haki ni mtu, na mtu hudai kwa koo lake. Kishindo kisingefaa katika jina la aina hiyo, kwa kuwa kishindo ni sauti ya vitu na ya miili. Hakina maneno ndani yake.

Lakini likitazamwa tendo la kuchapishwa kwa kitabu, badala ya jina lake, neno hilo linapata nafasi. Abdilatif Abdalla alifungwa tangu mwaka 1969 hadi mwaka 1972 kwa ajili ya kijitabu chake cha mwaka 1968, Kenya: Twendapi? Mashairi ya diwani yake aliyaandika gerezani, juu ya karatasi za chooni. Serikali ilikusudia kimya, na kimya kilipatikana kwa miaka mitatu. Diwani ilipotoka, na mwaka 1974 ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, maana ya ile methali ilionekana wazi. Sauti ilikuwa ya mshairi. Mshindo ulikuwa wa kimya kilichotua. Mhakiki akisema kwamba kitabu hicho kilitoka kwa kishindo, atakuwa amesema neno lililo sahihi, kwa kuwa aweza kuonyesha uzito uliotua na mahali ulipoangukia. Akisema hivyo hivyo juu ya kila kitabu kilichozinduliwa kwa hotuba na soda hotelini, atakuwa amevichanganya kishindo na mvumo.

Katika riwaya na hadithi fupi tatizo ni la namna nyingine. Kuna sentensi ambayo imekuwa kama ada kwa waandishi wanaoanza: ghafla kulisikika kishindo kikubwa. Sentensi hii ina makosa matatu ya sanaa. Kwanza, kitenzi kulisikika kimekificha kilichoanguka na pia aliyesikia, ilhali ni hao wawili wanaolipa neno uhai wake. Pili, neno ghafla halina kazi, kwa sababu kishindo chote huja ghafla. Tatu, kivumishi kikubwa kinakiri kwamba mwandishi ameshindwa kuuonyesha uzito, na sasa anautangaza tu.

Na ilinganishwe na sentensi kama hii: gunia la mahindi lilimponyoka hamali begani, likatua sakafuni pu, na taa ya chemni ikazimika mezani. Hapa neno kishindo halikutajwa hata mara moja, na bado msomaji amekisikia. Kilichoanguka kimetajwa, kilichopigwa kimetajwa, na taa iliyozimika imekuwa kipimo cha uzito. Mwandishi akitaka kuongeza kwamba watoto chumba cha pili waliamshwa na kishindo hicho, neno litaingia likiwa limekwisha lipiwa deni lake.

Hili halina maana kwamba neno liepukwe. Maana yake ni kwamba kishindo hufanya kazi bora zaidi pale kinapotangulia maarifa. Mhusika aliye gizani, au aliyefungiwa ndani, au mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, ana haki ya kusikia kishindo asijue ni cha nini. Ujinga wake ndio mwanzo wa kisa. Lakini mwandishi lazima awe anajua, na kabla ya sura kwisha msomaji naye apate kujua. Kishindo kisichojibiwa ni ahadi iliyovunjwa.

Kishindo cha magazeti

Matumizi ya kisitiari ya neno hili yasilaumiwe yote kwa pamoja. Arusi ya kishindo ni msemo mzuri. Arusi ina ngoma, na ngoma ina miguu, na miguu ya ukoo mzima ikicheza uani hufanya ardhi isikike. Uzito upo: ni uzito wa watu waliokusanyika. Hata pale ambapo arusi ni ya magari na maua tu, sitiari bado inakumbuka ilikotoka. Vivyo hivyo mapokezi ya kishindo, kama umati ulifika kweli kweli.

Lakini bei haiwezi kupanda kwa kishindo. Kishindo ni sauti ya kushuka na kutua. Kitu kinachopanda chaweza kupanda kwa kasi, kwa ghafla, au kwa kiasi cha kutisha. Hakitoi kishindo mpaka kianguke. Bei zaweza kuporomoka kwa kishindo, na sentensi hiyo itasimama. Anayeandika kinyume chake amelisahau tukio ambalo neno lake linalitaja.

Katika michezo, ushindi wa kishindo umekuwa na maana ya mabao mengi. Mwaka 1987 timu ya Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa kutoka sare mara mbili na Espérance ya Tunisia, mabao 2-2 mjini Tunis na 1-1 mjini Nairobi, ikafaulu kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Kwa hesabu ya magazeti huo haukuwa ushindi wa kishindo. Kwa maana halisi ya neno ulikuwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya Kenya kutwaa kombe la bara zima, na uzito uliotua siku ile haukuwa wa mabao. Kinyume chake, timu kubwa ikiifunga timu ya watoto mabao tisa kwa bila, mabao yatakuwa mengi, lakini pigo lisilopata kizuizi halitoi sauti.

Penye siasa ndipo neno hili linapodai uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa hapo sauti hutumiwa kama ushahidi. Mgombea akitajwa kuwa ameshinda kwa kishindo, msomaji haambiwi tu idadi ya kura. Anaambiwa kwamba taifa limetikisika, na kwamba hapana haja ya swali jingine. Yafaa basi kuuliza lile swali la msingi: ni nini kilichoanguka?

Katika uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2002 swali hilo lina jibu. Mwai Kibaki wa muungano wa NARC alipata zaidi ya asilimia 60 ya kura za urais. Chama cha KANU, kilichotawala tangu uhuru wa mwaka 1963, kilishindwa kwa mara ya kwanza. Kitu kizito kilianguka, na walioishi siku zile wanakumbuka kwamba kilisikika. Ushindi wa kishindo hapo si kikolezo. Ni maelezo ya jambo lililotukia. Asilimia zile zingeweza kuwa chache zaidi, na bado kishindo kingekuwa kile kile.

Katika chaguzi za miaka ya 1979, 1983 na 1988, zilizofanywa chini ya utawala wa chama kimoja, Rais Daniel arap Moi alipita bila kupingwa. Kwa hesabu hakuna ushindi unaozidi huo. Lakini kwa kipimo cha neno hakuna kishindo kinachopungua zaidi ya hicho, kwa sababu ngumi iliyorushwa hewani haikutani na kitu. Kishindo hudai kipingamizi. Palipoondolewa mpinzani, pamebaki mvumo peke yake: nyimbo, vifijo, na sifa zilizojaa hewani bila kutua mahali. Mwandishi anayeuita mvumo huo kishindo, katika nchi yoyote na kwa mgombea yeyote, huwa amempa mshindi sauti ambayo hakuilipia.

Hapa ndipo suala la msamiati linapogeuka kuwa suala la uraia. Lugha iliyo na neno moja tu la sauti kubwa haiwezi kumsaidia msemaji wake kutenga ushindi wa kweli na ushindi wa tarumbeta. Kiswahili kina maneno mawili kwa kazi hiyo, na methali za kuyafafanua. Kuyachanganya ni kujiziba sikio moja kwa hiari.

Hitimisho

Neno kishindo limeonekana kuwa na masharti yaliyo wazi: halitoki kooni, huhitaji vitu viwili, huhesabika, halipimwi kwa ukubwa wa sauti, na humfanya msikilizaji aulize. Masharti hayo yanaruhusu sitiari nyingi na yanazikataa nyingine. Hayamzuii mwandishi kuwa mbunifu. Yanamtaka tu awe na kitu cha kuangusha.

Mhariri wa gazeti, mwalimu wa insha na mhakiki wa riwaya waweza kulipima kila kishindo kinachopita mezani pao kwa maswali matatu. Ni nini kilichoanguka? Kimeangukia wapi? Ni nani aliyeamshwa? Sentensi ikiyajibu maswali hayo, hata kwa kudokeza tu, neno na libaki. Isipoyajibu, mwandishi atafute neno jingine, na lugha hii haikosi mengine. Kama lililotukia lilikuwa ni mvumo, basi na liitwe mvumo.